Mgeni wa Nani? Kusoma Ratiba za Ziara za Chakula Meru na Embu

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe ni wapi mgeni angepata chakula cha huku, chakula chenyewe hasa. Hakunijibu. Aliendelea kutupa kando vijiwe na punje mbovu, kisha akainua macho: "Kwani wewe ni mgeni wa nani?" Nikadhani hakunielewa, nikarudia swali langu. Naye akarudia lake, polepole zaidi, kama anayemfundisha mtoto hesabu. Mfukoni nilikuwa na ratiba ya ziara ya chakula, karatasi iliyokunjwa mara tatu. Nilipoisoma tena jioni niliona kuwa ilikuwa na jibu la kila jambo, kuanzia saa ya kuondoka hadi aina ya viatu, isipokuwa hilo aliloniuliza yule mama.

Tumezoea kuhakiki riwaya na diwani, na karatasi kama hizi tunaziacha zipite mkononi kana kwamba hazina fani. Zina fani, tena kali. Ratiba ya ziara ya chakula ni utungo wenye arudhi: ina kichwa, ina beti zinazopimwa kwa saa, ina kibwagizo, ina kituo. Anayetaka kuchagua ziara ya kweli kwenye miteremko ya Mlima Kenya ana andiko hilo tu mbele yake kabla hajatoa shilingi. Hajaonja kitu, hajamwona mpishi. Atake asitake, anafanya kazi ya mhakiki. Sitaitaja kampuni yoyote, kwa sababu ninachokisoma ni kalibu ambayo wengi huazimana.

Nianze na vitenzi. Utaonja. Utakutana na wenyeji. Utajifunza. Utafurahia. Utaondoka na kumbukumbu. Kiambishi kile kile hufungua kila mshororo, u-ta-, u-ta-, kama kina kilichohamishwa kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo wake. Ni nafsi ya pili, wakati ujao, na katika karatasi nzima mtendaji ni mmoja: msomaji mwenye pesa. Wenyeji huja baada ya neno "na", kama kitoweo pembeni ya ugali. Hata pale wanapofanya kazi kubwa kuliko zote, sarufi inawafunika: "utapikiwa mlo wa asili". Kauli ya kutendewa ina uzuri wake katika Kiswahili, hasa inapotumiwa kumwondolea mtu aibu. Hapa imemmeza mpishi mzima mzima. Nani aliyeamka gizani kuwasha kuni? Nani aliyeteka maji? Kitenzi hakisemi.

Sasa linganisha na andiko jingine la chakula, lililo mita chache kutoka stendi ya matatu mjini Embu. Ni ukuta wa hoteli. (Kwa msomaji wa Tanzania: hoteli Kenya ni mahali pa kula, kitanda si lazima kiwepo.) Ukutani pameandikwa kwa rangi, jina chini ya jina: chai, mandazi, chapati, ndengu, madondo, githeri, mukimo, matumbo, karanga, ugali. Hakuna kivumishi hata kimoja. Sijawahi kuona ukuta wa Embu ulioandikwa "githeri halisi". Bei zimefutwa zikaandikwa upya kwa rangi nyingine, na ukiangalia vizuri utaona tarakimu ya zamani ikichungulia chini ya mpya, ushahidi wa jinsi unga na mafuta vilivyopanda. Mpangilio wenyewe una hoja. Chai iko juu kwa sababu siku huanza na chai. Karanga, yaani nyama ya kukaanga, na ugali viko chini kwa sababu hapo jua limeshafika utosini na mwenye bodaboda ameshapata nauli mbili tatu. Orodha inafuata siku ya mtu anayefanya kazi. Na haimwiti yeyote. Hakuna u-ta-. Ungekuwepo au usingekuwepo, ndengu zingeiva.

Sisemi kwamba ziara yote ihamie kwenye hoteli ya stendi, ingawa mtu anaweza kula vibaya zaidi kuliko hapo na kulipa mara kumi. Ninasema maandiko haya mawili yana misimamo tofauti kuhusu nani amekuwepo kabla ya nani. Ukuta unajua kuwa chakula kilimtangulia mlaji. Ratiba inazungumza kana kwamba Embu inaanza kupika gari la mgeni linaposimama.

Kivumishi kinachotawala ratiba ni "halisi", na kinachokifuata kwa karibu ni "cha kienyeji". Hili la pili linastahili subira. Kenya tunajua kuku wa kienyeji, yule anayeparura uani, na mboga za kienyeji, yaani managu, terere, kunde na majani ya maboga. Ki-enyeji: kwa namna ya wenyeji. Na mwenyeji, katika lugha yetu, ni mzaliwa wa mahali na pia ni anayempokea mgeni, maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga kwa maneno mawili. Mgeni naye ni asiyepajua mahali, na ni huyo huyo anayepokewa. Maneno haya mawili hayawezi kuishi moja bila jingine. Kwa hiyo chakula cha kienyeji, neno likichukuliwa kwa uzito wake, ni chakula chenye mtu anayekutolea. Ukikiondoa kwa mtu huyo ukakiita tu "cha Meru", umebaki na anwani. Yule mama wa Gakoromone hakuwa amekosa kunielewa. Alikuwa anatumia Kiswahili kwa usahihi kuliko mimi.

Hapa ndipo penye fundo ambalo ratiba nyingi hazilifungui. Githeri, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni chakula cha nyumba. Hupikwa sufuria kubwa, huliwa leo, hukaangwa kesho kwa kitunguu na nyanya, hubebwa shuleni na shambani. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulipoipa Kenya shujaa wake wa foleni, mtu aliyepigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki huku akisubiri kupiga kura, nchi nzima ilimpenda kwa sababu ilimtambua: hivyo ndivyo githeri inavyoliwa, bila kujipanga, mtu akiwa na shughuli nyingine. Lakini mgeni akibisha hodi Runyenjes au Nkubu, mwenye nyumba anayejiheshimu hampakulii githeri. Chai ya maziwa huja kwanza, kutoka kwenye chupa ya chai isiyopoa. Halafu mtoto anatumwa dukani kununua unga wa ngano wa chapati, kuku anafukuzwa uani, mchele wa pishori kutoka Mwea unaoshwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: na kweli siku hiyo nyumba nzima inakula vizuri.

Ni kipi basi kilicho halisi, githeri ya kila siku ambayo adabu inakataza kumpa mgeni, au chapati na kuku wa siku ya mgeni? Vyote viwili. Kosa la ratiba ni kuvichanganya. Inaahidi "mlo wa kila siku pamoja na familia", kisha familia, kwa adabu yake, inaandaa karamu. Au inaifundisha familia kuweka adabu pembeni na kumpa mtu isiyemjua sufuria ya jana mbele ya kamera. Hilo la pili linaniuma zaidi. Kumlazimisha mama avunje heshima ya nyumba yake ili mgeni aamini kwamba ameona ukweli ni kumdhulumu mara mbili, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa ni ile heshima.

Tunayo tayari ratiba nyingine, fupi na bora, na kila mtoto wa Kiswahili anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Isome kama andiko la safari. Ina idadi ya siku. Ina mgeuko katikati, pale mkato unapokaa. Siku mbili za kwanza hazina kitenzi kabisa. Mgeni yupo tu, anakirimiwa. Siku ya tatu kitenzi kinaingia, tena kwa amri, na anayeamriwa ni mwenyeji: mpe. Mgeni hapewi chakula tena, anapewa mpini. Githeri iko upande huo wa pili wa methali. Ndicho chakula cha mtu aliyekwisha kushika jembe. Ziara ya saa nne inayoahidi githeri ya jikoni imeruka siku mbili na jembe lenyewe. Ingekuwa afadhali iseme waziwazi: leo utapokewa kama mgeni, na hivi ndivyo watu wa Imenti wanavyompokea mgeni.

Suala la jembe linatuleta kwenye mizani. Nusu saa sokoni, saa moja jikoni, saa moja mezani, dakika kumi na tano za picha: hesabu ya ratiba ni ya kupendeza, kila ubeti unalingana na mwenzake. Sufuria haijui arudhi hiyo. Mahindi makavu na maharagwe makavu, hata yakilowekwa usiku kucha, huchukua saa kadhaa juu ya kuni, na kuna maharagwe ya zamani ambayo hayaivi hata ukiyabembeleza. Kwa hiyo kinachoitwa "kupika pamoja" mara nyingi ni kufika pale kazi inapomalizika. Mgeni hupewa mwiko aponde mukimo, picha hupigwa, makofi hupigwa.

Mukimo wenyewe ukiusoma kwa makini utaona kasoro ya mpango huo. Ni chakula chenye muundo wa hatua. Mahindi na maharagwe, au njahi, huchemshwa kwanza mpaka yaive. Viazi humenywa, au ndizi mbichi, ambazo nchi ya Meru inazo tele. Majani ya maboga huvunwa machanga, huondolewa nyuzi moja moja, hukatwakatwa. Vyote huingia sufuria moja, na mwishoni kabisa huja kuponda, ambako viazi na majani huwa kitu kimoja cha kijani huku punje za mahindi zikibaki nzima, zikionekana. Ni sanaa ya kuunganisha bila kufuta. Kuponda ndiyo kituo cha shairi, mshororo wa mwisho. Aliyeletwa kuponda tu amesomewa kituo na kuambiwa amelisikia shairi. Na mazungumzo ya jikoni huku yako kwenye kumenya na kuchambua majani, wakati mikono ina kazi ndogo na midomo iko huru. Ukiona ratiba inayokuanzishia siku kwa kisu butu na beseni la viazi, ipe heshima.

Washairi wetu wa mapokeo walidai pia utoshelevu: kila ubeti usimame peke yake, ujitosheleze kwa maana. Katika shairi ni sifa. Katika ziara ya chakula ni jeraha. Kituo cha soko kinajitosheleza, kituo cha shamba kinajitosheleza, kituo cha jikoni kinajitosheleza, na hakuna kinachovuka kutoka kimoja kwenda kingine. Maharagwe uliyoyapiga picha sokoni siyo yaliyo sufuriani. Ndizi ulizoonyeshwa shambani hazitavunwa leo. Swali moja la simu linatosha kuupima mtiririko: tutakachonunua sokoni ndicho tutakachokula? Mwongozaji akisita, umeshaisoma ratiba yake.

Kuna pia ukimya wa miezi. Ratiba nyingi hutoa chakula kile kile Januari na Agosti. Lakini Mbeere, nchi kavu ya Embu, ina maembe kwa wingi karibu na Krismasi na miezi inayofuata, na ndengu (ndizo choroko kwa jirani zetu wa kusini) huvunwa mwanzoni mwa mwaka, mvua za vuli zikishaisha. Mahindi mabichi hubadilisha githeri kabisa, ikawa tamu na laini. Kiazi kikuu hupandwa kando ya mti hai, mara nyingi mukungugu, mviazi ukapanda juu yake kama mtoto mgongoni, na huchimbwa mwenye shamba anapoona inafaa. Andiko lisilo na misimu limeandikwa na mtu anayenunua katika duka kuu.

Kuhusu majina nitasema kidogo. "Chakula cha Wameru" ni maneno mapana mno. Kuna Igembe na Tigania upande wa Nyambene, kuna Imenti, Mwimbi, Chuka, Tharaka ya joto na mtama; na Embu kuna Waembu wa juu na Wambeere wa chini. Kazi iliyofanywa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kuanzia mwaka 2007, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 katika rejesta yake ya mifano bora ya kulinda urithi, ilikuwa na msingi mmoja wa unyenyekevu: mimea ya chakula iliorodheshwa kwa majina ambayo watu wa mahali huyatumia, mimea kama 850. Orodha hiyo kwangu ni andiko bora la chakula kuliko vipeperushi vyote, kwa sababu haikutanguliza ladha. Ilitanguliza kuuliza, hiki mnakiitaje? Mwongozaji asiyeweza kukutajia mboga kwa lugha ya mama anayeiuza ni msomaji wa ramani.

Jambo ninalotaka kukaa nalo zaidi ni mwelekeo wa ziara, kwa sababu hapo ndipo fani na chakula hukutana kabisa. Ratiba za eneo hili hufuata lami. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikizunguka ubavu wa mlima, ikishuka na kupanda mabonde ya mito kama Thuci, Nithi na Mutonga. Ni barabara nzuri kwa macho. Lakini inatembea kwa usawa. Inashona ukanda ule ule, kahawa, migomba na makadamia, kutoka kaunti hadi kaunti. Anayeifuata atasema amevuka Embu, Tharaka Nithi na Meru, na kumbe amesoma mshororo mmoja mrefu.

Chakula cha huku kimeandikwa wima. Mlima una urefu wa mita 5,199, na mwinamo ndio unaopanga sufuria. Anzia Kianjokoma, karibu na msitu, kwenye majani chai na baridi ya asubuhi. Teremka hadi kwenye kahawa, migomba na mahindi ya Runyenjes. Endelea kuteremka, joto linapanda, miti inapungua kimo, na kufikia Siakago au Ishiara uko kwenye mtama, mawele, kunde, mbaazi, mizinga ya nyuki na mbuzi. Chini zaidi ni mto Tana na mabwawa yake ya umeme, lile la Kindaruma likiwa limeanza mwaka 1968, na samaki wanaovuliwa humo. Upande wa Meru ni vivyo hivyo: viazi vya Kibirichia juu kwenye ubaridi, ndizi za kumwagiliwa za Mitunguu chini, halafu Tharaka.

Ukishuka namna hiyo unaelewa soko. Soko ni mahali ambapo urefu tofauti wa mlima hukutana kwa siku moja. Anayeishi juu ana viazi na hana ndengu. Anayeishi chini ana ndengu na asali na hana viazi. Sahani ya mukimo yenye njahi ni mkataba baina ya baridi na joto. Siku ya soko, lori linalopanda na lori linaloshuka hupishana, na mama mboga anayekaa katikati ndiye mhariri wa mlo wa eneo zima. Kwa hiyo soko linafaa kukaa katikati ya ziara, baada ya mgeni kuona juu na chini, ili akifika hapo autambue kila mzigo kwa hali ya hewa uliyotoka nayo. Ratiba nyingi hulitanguliza, saa mbili asubuhi, kama mandhari ya picha. Zimemfungulia msomaji riwaya kwenye sura ambayo wahusika wote wanakutana, kabla hajawafahamu hata mmoja.

Kalibu hizi zilitoka wapi? Mzazi wa karibu ni ziara ya viungo ya Zanzibar, kule Kizimbani na Kidichi, na lazima tukiri kuwa ni utungo uliokomaa. Mwongozaji anavunja jani, anakunusisha, anauliza ni nini. Unakosea, anacheka nawe. Mdalasini, hiliki, vanila. Kijana anakwea mnazi akiimba. Unavishwa kofia ya makuti. Mwisho kuna meza ya pakiti za kuuza. Kitendawili na tega! ndiyo fani yake, na inafanya kazi kwa sababu viungo ni vitu vya kunusa na kubashiri. Inachokiacha mara nyingi ni historia ya mikono iliyolima mikarafuu enzi za masultani, mikono ya watumwa. Pengo hilo ni la fani pia: kitendawili kinapenda jibu la neno moja, na utumwa hauna jibu la neno moja.

Kalibu ya Zanzibar ilipanda bara. Materuni, juu ya Moshi, wageni hutwanga kahawa kinuni kwa wimbo. Sasa unaikuta ikinyemelea Meru na Embu: kinu, mchi, wimbo, kikombe. Hapo naweka kalamu nyekundu. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliwazuia Waafrika kulima kahawa, na ilipolegeza katika miaka ya 1930, Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndizo zilizokuwa za kwanza kuruhusiwa. Tangu hapo kahawa imekuwa zao la pesa na la ushirika. Mkulima huchuma buni nyekundu, huzipeleka kiwanda cha chama, hupimiwa, hupewa risiti, kisha husubiri malipo, na kusubiri huko ndiko kuliko na hadithi. Nyumbani anakunywa chai. Kinu hakimo katika hadithi hiyo. Ziara ya kahawa iliyo ya kweli huku ingekuwa foleni ya kwenye mizani ya kiwanda, sauti ya mashine ya kumenya, harufu ya maganda, mazungumzo kuhusu malipo ya mwaka huu na ya mwaka juzi. Halafu mwenye shamba anakukaribisha nyumbani, anakumiminia chai ya maziwa, na wewe unaelewa kila kitu kuhusu zao hilo kutokana na kikombe ambamo halimo.

Miraa nayo hupewa nafasi mbaya katika ratiba: ama inafichwa, ama inawekwa mwishoni kama kichekesho, mgeni atafune vijiti viwili watu wamwangalie. Si chakula, na tena huondoa njaa. Lakini Nyambene huwezi kueleza sahani bila hiyo, kwa kuwa ndiyo inayonunua mchele na kulipa karo. Fani yake ni mbio. Huchumwa, hufungwa kwa jani la mgomba, na magari hukimbia nayo usiku na mchana, kwani nguvu yake hudumu siku kama mbili tu. Uingereza ilipoifunga milango yake Juni 2014, mji wa Maua, huko Nyambene, ulihisi pigo hilo. Muguka wa Mbeere, aina nyingine ya miraa, ulipigwa marufuku Mombasa na Kilifi Mei 2024, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda. Mjadala wa afya ya vijana haujaisha na haufai kuisha kirahisi. Wakati huo huo kuna fungu la miraa linalofungwa kwa ustadi wa pekee kupelekwa kwa wazazi wa binti wakati wa posa. Kitu kinachobeba maneno ya posa hakitafunwi kwa ajili ya kamera. Ziara yenye adabu itakuonyesha mikono inayofunga fungu, itakuambia ubishi wake wote, na kinywa chako itakiacha.

Ubeti wa mwisho wa ratiba ni ule wa "bei inajumuisha" na "bei haijumuishi". Usafiri umejumuishwa, maji ya chupa yamejumuishwa. Pombe na bakshishi hazimo. Mpishi hayuko kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. Uliza analipwa na nani na anapokea kiasi gani, wageni ni wangapi kwa siku moja katika uwanja wake, na kijiji chake kinaitwaje. Jina la kijiji linaposemwa bila kusita, mara nyingi na mengine yatakuwa sawa.

Narudi Gakoromone, kwani yule mama aliniuliza kwa mara ya tatu. Safari hiyo nilisalimu amri, nikamtajia mama wa rafiki yangu anayeishi upande wa Nkubu. Uso ukafunguka. "Ungesema mapema, mwanangu. Huyo atakupikia njahi na ndizi, usimwambie apike nini, mwache." Akachukua gorogoro, akapima maharagwe, akasawazisha juu kwa kiganja, kisha akaongeza konzi mbili za nyongeza. Akanieleza yalitoka chini, kwenye joto, na kwamba hayakuwa ya msimu uliopita, alikuwa na hakika. Nikalipa. Akafunga fundo la mfuko, akaushikilia kidogo kabla ya kuniachia.

"Ukipita tena, uniambie kama yaliiva upesi."